Kazi ya Kushika Volteji: Umeme wa Arusha na Fundi wa Pawa Saplai

Historia ya umeme wa Arusha kwa kawaida husimuliwa kwa kuhesabu mitambo. Hutajwa Kikuletwa, kituo kidogo cha maji kilichojengwa enzi za Waingereza karibu na chemchemi ya Chemka, mpakani mwa Arusha na Kilimanjaro, kikiwa na uwezo wa megawati moja na ushei. Hutajwa Hale ya mwaka 1964 na Nyumba ya Mungu ya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, kisha Kidatu na Mtera, hadi kufikia Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Hesabu hiyo haina kosa, ila inamwacha nje mtu mmoja ambaye bila yeye nyumba nyingi za Sakina, Ngaramtoni na Usa River zisingekuwa na redio inayosikika wala televisheni inayowaka, naye ni fundi wa pawa saplai. Nadai katika makala haya kwamba fundi huyo ana nafasi katika historia ya umeme wenyewe, wala hastahili kuwekwa pembeni pamoja na washona viatu na wachomea magari kana kwamba anatengeneza tu vilivyoharibika. Kazi ya kuizuia volteji isipande wala isishuke ilianza kama kazi ya kituo cha kuzalisha umeme. Kadiri nyaya zilivyorefuka, kazi hiyo ilisogea, ikatoka kituoni, ikapita kwenye kituo cha kupozea umeme, ikaingia nyumbani, na mwisho ikamfikia yeye mezani akiwa na mita, chuma cha kulehemu na taa ya kujaribia.

Ili hoja ieleweke, inafaa kutazama jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kuanzia kwenye mtambo wa maji wa aina ya Kikuletwa. Maji yanaizungusha tabo, tabo inaizungusha jenereta. Wateja wakiwasha taa jioni, mzigo unaongezeka, mtambo unalemewa na kasi yake inapungua. Kifaa kiitwacho gavana huhisi upungufu huo na kufungua mlango wa maji zaidi. Mzigo ukipungua, huufunga. Watu wa Meru wenye mifereji ya kumwagilia wanaijua kazi hiyo bila kuingia darasani: msimamizi wa mfereji hutazama maji yanavyofika shamba la chini kabisa, halafu hupanda juu kurekebisha lango. Anachokiona chini ndicho kinachoamua afanye nini juu. Huo ndio mrejesho, na dunia nzima ya uhandisi imejengwa juu yake. James Watt alifunga gavana ya namna hiyo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika makala ya kihisabati akieleza kwa nini baadhi ya gavana, badala ya kutuliza mashine, huifanya iyumbe: inakwenda kasi mno, inapunguzwa mno, inaongezwa mno, bila kutulia. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa kampuni ya simu ya Bell nchini Marekani, aliingiza wazo hilohilo ndani ya vikuza sauti vya elektroniki, na muda si mrefu Harry Nyquist akaonyesha namna ya kutabiri lini kikuza sauti kitaanza kuyumba. Gavana ya chuma na transista mbili za pawa saplai ya kienyeji zinaugua ugonjwa mmoja, kwa sababu hiyohiyo.

Ipo kanuni moja ya mrejesho ambayo ndiyo mhimili wa hoja yangu. Mzunguko wa mrejesho hulinda mahali unapopimia, na mahali hapo tu. Msimamizi wa mfereji akitazama lango la katikati na kuridhika, shamba la chini linaweza kukauka bila yeye kujua. Kwenye umeme ni hivyohivyo: kifaa kinachopima volteji kituoni kitaishika volteji ya kituoni, na kila mita ya waya baada ya hapo hula sehemu yake kulingana na mkondo unaopita. Mji mdogo unaolishwa na kituo cha jirani hauumizwi sana na jambo hilo, maana anayepima na anayetumia wamekaribiana. Arusha iliondoka katika hali hiyo kwa hatua. Kampuni ya umeme ya Tanganyika, TANESCO, ilianzishwa mwaka 1931, na macho yake yalikuwa kwenye Maporomoko ya Pangani na mashamba ya mkonge ya Tanga. Serikali ilipoingia kwenye umiliki mwaka 1964, mwelekeo ukawa kuunganisha mito na miji kwa gridi. Umeme wa Arusha ukaanza kuja kwa laini ya kilovolti 132 kutoka upande wa Hale, Same na Moshi hadi kituo cha Njiro. Baadaye ikaongezwa laini ya kilovolti 220 kutoka Singida kupitia Babati. Kikuletwa kilisimama miaka ya 1980, na siku hizi eneo lake liko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha kwa mafunzo ya nishati jadidifu. Ukiitazama ramani ya gridi ya miaka ile, mitambo mikubwa iko kwenye bonde la Rufiji na matawi yake, nao mji chini ya Mlima Meru uko mkiani, umeme ukiufikia kwa mzunguko wa mamia ya kilomita upande wowote utakaochagua.

Njiro ina transfoma kubwa zinazoweza kubadilisha hatua zake huku umeme ukiwapo, kwa hiyo volteji ya pale hushikwa. Transfoma ya kwenye nguzo kijijini haina uwezo huo. Ina swichi ya hatua chache, na swichi hiyo huguswa umeme ukiwa umekatwa, na mtu wa shirika akiwa amepanda juu. Fundi wa shirika akiiweka hatua ya juu ili wateja wa mwisho wa laini wapate taa saa mbili usiku, wateja wa karibu watapata volteji ya kupita kiasi saa nane, watu wakiwa wamelala na mzigo umepungua. Akiiweka chini, mambo yanageuka. Katikati ya mivutano hiyo nyumba yenye umeme wa volti 230 kwa karatasi inaweza kuona 170 jioni na 250 alfajiri, na umeme ukirudi baada ya kukatika, friji na mota zote za mtaa zikiamka kwa pamoja, volteji hutikisika kabla ya kukaa sawa. Baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, nyaya zilipanda milimani na kushuka nyikani, na hilo ni jema lisilobishaniwa. Kila nguzo iliyoongezwa, hata hivyo, ilimweka mteja mwingine mbali zaidi na mahali pa kupimia.

Pawa saplai ya kutengenezwa nyumbani ilizaliwa kabla ya hapo, na sababu yake ya kwanza ilikuwa betri. Redio ya transista iliyoenea Tanganyika tangu miaka ya mwisho ya ukoloni haikuhitaji umeme wa ukutani; betri nne au sita kubwa zilitosha, na kwa kuwa kaya nyingi za Meru na Arumeru hazikuwa na umeme kabisa, fundi redio wa wakati huo alikuwa fundi wa volti 6 na volti 9. Mambo yaligeuka kwa pigo la matukio yaliyofuatana. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yalikuwa hapahapa Arusha, ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapaa, na hadi katikati ya miaka ya 1980 bidhaa za dukani zikawa za kutafutwa. Kwa mji ulioko chini ya kilomita 300 kutoka Nairobi, kufungwa kwa mpaka wa Namanga kulikuwa kufungwa kwa duka la vipuri. Betri za redio zikawa adimu na ghali. Aliyekuwa na umeme nyumbani akawa na sababu nzuri ya kumwendea fundi amsukie transfoma kwa waya wa shaba uliotoka kwenye kifaa kilichokufa, amfungie dayodi nne na kapasita moja kubwa, redio iimbe bila betri.

Chombo hicho cha kwanza kilikuwa na kasoro iliyosikika mara moja: redio ilinguruma, na volteji ilipanda na kushuka pamoja na ya ukutani. Tiba ya kwanza ilikuwa zena, dayodi inayoshikilia volteji yake bila kujali sana mkondo, ikiwekwa kwenye bezi ya transista nene kama ile 2N3055 iliyozagaa duniani tangu miaka ya 1960. Hiyo hutuliza kiasi, lakini haijui kinachotokea kwenye ncha za kutokea. Hatua ya pili ndiyo iliyobadilisha kazi nzima. Fundi anaongeza transista ya pili, anaipa kipande cha volteji inayotoka na kuilinganisha na zena. Ikizidi, transista ya pili inaiibia ile nene mkondo wa bezi yake, nayo inabana. Kwa transista mbili, zena moja na rezista chache, mezani pana gavana kamili. Kuanzia hapo fundi ana kifaa kinachofanya alichoshindwa kufanya mtambo ulioko mamia ya kilomita: kinapimia palepale mteja anapotumia.

Na kuanzia hapo ana matatizo ya aina mpya. Redio ni mstari. Mawimbi yanaingia kwenye antena, yanapita hatua kwa hatua, yanatokea kwenye spika. Fundi mzuri wa redio huanzia mwisho mmoja na kwenda upande wa pili, na pale ishara inapopotea ndipo penye ugonjwa. Mzunguko wa mrejesho hauna mwanzo wala mwisho. Volteji ya kutokea ikiwa 19 badala ya 12, transista nene iko wazi kabisa. Iko wazi kwa sababu ya pili haiibani, na ya pili haibani labda kwa kuwa haipati taarifa, au inapata taarifa ya uongo, au imekufa, au ile nene imeungua ikawa kama waya mtupu na hata ingeamriwa kubana isingeweza. Popote atakapoweka mita atakuta kipimo kisicho cha kawaida, na kila kipimo kitaonekana kuwa ndicho chanzo. Dawa ni kuukata mzunguko kwa makusudi: kuondoa waya wa mrejesho, kuilisha transista ya pili volteji ya kujulikana kutoka nje, na kutazama kama ya kwanza inatii. Ikitii, nusu ile ni nzima na ugonjwa uko kwenye rezista za kupimia au kwenye zena. Isipotii, mojawapo ya transista hizo mbili ndiyo mbovu, ibadilishwe. Hatua hiyo ya kukata inaonekana ndogo, lakini ni elimu tofauti na ile ya kufuata ishara, na naamini ndiyo iliyowatenga mafundi wa kweli wa pawa saplai na mafundi redio wa zamani.

Matatizo mengine hujificha zaidi. Waya wa kupimia ukiungwa kwenye ubao, kabla ya waya mwembamba unaokwenda kwenye ncha za kutokea, saketi itaishika volteji ya ubaoni kwa uaminifu huku ya nje ikizama kila mzigo unapoongezeka. Hapo ndani ya kisanduku kidogo limejirudia kosa lilelile la transfoma ya kijiji. Jingine ni la kuyumba, lile la Maxwell. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa saketi unganishi ya 723, yenye miguu 14, ambayo ndani yake mna volteji ya kulinganishia ya takriban volti 7.15, kikuza tofauti na kinga ya mkondo. Miongo kadhaa baadaye bado ni moyo wa pawa saplai nyingi za kujitengenezea. Michoro yake huonyesha kapasita moja ndogo sana, pikofaradi 100 hivi, ambayo mjenzi mwenye haraka huiacha. Kwa mtazamo wa umeme wa moja kwa moja haifanyi kitu, na bila hiyo mita bado husoma volti 12 safi. Kumbe mzunguko unayumba mara laki kadhaa kwa sekunde. Mita ya sindano inasoma wastani, transista inachemka bila mzigo, na redio iliyounganishwa inatoa mluzi usiojulikana unakotoka. Asiye na osiloskopu ana njia yake: masafa hayo mara nyingi huangukia kwenye bendi ya AM, hivyo redio ndogo ya betri ikisogezwa karibu huyanasa. Kapasita ile huupunguzia mzunguko nguvu kwenye masafa ya juu, na upunguzaji huo ndio unaoutuliza. Mtu akishaelewa kwa nini kupunguza huko kunatuliza, hahitaji tena kukariri mchoro.

Wapo watakaosema kwamba ninampa fundi wa kibandani sifa ya wengine. Arusha ilikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na hadi leo kuna mtaa unaoitwa Philips, kama ulivyo mtaa wa Unga Limited uliopata jina kwa kinu cha unga. Ilikuwa pia na Chuo cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, na TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo, tangu 1980. Je, maarifa haya hayakutoka huko? Kwa sehemu, ndiyo. Kiwandani na chuoni ndiko mita nzuri zilikokuwa, na michoro, na desturi ya kupima kabla ya kubadilisha. Ingekuwa ajabu kama vitu hivyo havikuvuka ukuta. Ila kiwanda cha kuunganisha hufundisha kuunganisha. Kifaa kinachokuja na vipuri vilivyopangwa na mchoro uliokamilika hakimwulizi mfanyakazi kwa nini kapasita hii iko hapa. Nacho chuo kilikusudiwa kutoa mafundi sanifu wa viwanda, barabara na mashirika ya umma, na kwa miaka ile mwenye cheti hakuwa na sababu ya kukaa kibandani. Swali la kwa nini volteji hii haitulii lilikuwa halisi kwa yule aliyelazimika kujenga kwa vipuri visivyolingana, na kumrudishia mteja chombo ambacho kingeharibika tena jioni ileile kama jibu lake halikuwa sahihi.

Awamu iliyofuata ililetwa na siasa za biashara. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yakafungua mlango zaidi. Mwaka 1994 televisheni za kibiashara zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara, takriban miaka ishirini baada ya Zanzibar kuwa na televisheni ya rangi. Ndani ya televisheni hizo, na deki, na baadaye ving'amuzi na chaja za simu, mlikuwa na pawa saplai ya aina nyingine kabisa, ile ya kuwaka na kuzima kwa kasi. Hiyo huugeuza kwanza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja wa volti zipatazo 320, kisha huukata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Waya wa mrejesho hauwezi kurudi moja kwa moja upande ule wa hatari, hivyo taarifa hurudi kwa mwanga: upande wa chini kijisaketi cha 431, chenye volti 2.5 za kulinganishia, huwasha taa ndogo iliyofungiwa ndani ya kipande cheusi cha miguu minne, na upande wa juu transista inayohisi mwanga inaiambia saketi kuu ipunguze. Mwanga ukififia kwa uzee, upande wa juu unadhani volteji imeshuka na kuiongeza. Ukipotea kabisa, na kinga isipowahi, volteji hupaa hadi kapasita zikavimba na kupasuka.

Hapa hali ya umeme wa Arusha ikawa mwalimu mkali. Chaja au televisheni iliyoachwa imewashwa miezi na miezi inaweza kufanya kazi hata kama kapasita ndogo inayoilisha saketi kuu imekauka, maana ikishaanza hujilisha yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, haiwezi tena kuanza. Mteja anadai umeme ulipokuja kwa nguvu uliiunguza, na fundi anayeamini maneno hayo hutafuta kilichoungua bila kukipata. Katika ukame wa 2006, mgawo uliposambaa nchi nzima na kuzaa mkataba wa Richmond uliomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, Februari 2008, na tena mwaka 2011, umeme ulikatika na kurudi kila siku, na kila kurudi kulikuwa mtihani kwa kapasita zote dhaifu za mji. Ugonjwa ambao kwingine ungejitokeza polepole kwa miaka, hapa ulijitokeza kwa pamoja.

Katika awamu hii pawa saplai ya kienyeji ikabadili kazi. Betri zilikuwa zimerudi madukani, redio zilikuwa na adapta zake, kwa hiyo haikuhitajika tena kulisha redio. Ilihitajika kwa uchunguzi. Njia salama ya kuupima mrejesho wa televisheni ni kuiacha bila umeme wa ukutani, kuisukumia volti kutoka nje kwenye ncha yake ya volti 12, na kuipandisha taratibu kutoka 11 hadi 13 huku mita ikiwa kwenye taa ya kipande cheusi. Taa ikiamka inapofika 12, rezista, kijisaketi na taa vyote ni vizima, na hakuna aliyegusa volti 320. Kwa kazi hiyo fundi anahitaji chanzo kinachopandishwa na kushushwa kwa uhakika na kinachobana mkondo kikikuta kasoro, yaani kile alichojijengea kwa 723 na transista nene. Akiwa tayari kujaribu kwa umeme wa ukutani, huunga balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 mfululizo na kifaa, ili kukiwa na kasoro balbu iwake badala ya fyuzi kulipuka. Balbu hizo zimekuwa adimu tangu za LED zitawale, na anayezikuta dukani hununua akiba. Mwanafunzi asiyeweza kuzungumzia gavana ya Kikuletwa anaweza kueleza kwa usahihi kwa nini balbu ile inawaka sana kisha inafifia, na kwa nini ikiendelea kuwaka sana asiiondoe.

Pingamizi zito zaidi ni la upande wa pili: kwamba vifaa hivi vilikuja na mrejesho ndani kwa sababu viwanda vya Japani na China viliona ni njia rahisi na nyepesi, si kwa sababu ya laini ya Babati. Chaja inayokubali volti 100 hadi 240 ilibuniwa ili iuzwe popote duniani. Sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kitu chembamba zaidi: teknolojia ilifika kwa sababu zake, lakini kilichoharibika, kiliharibika vipi, na nani alilazimika kukijua, kiliamuliwa na hali ya hapa. Ushahidi ni stabilaiza. Stabilaiza ya friji, yenye transfoma ya hatua na relei zinazobofya, si kifaa cha lazima kwa mwenye volteji tulivu. Hapa ni cha kawaida, na ndani yake pia mna saketi inayopima, kulinganisha na kuamuru. Relei zikianza kubofya bila kutulia, kwa sababu kila zinapopandisha hatua mzigo unaongezeka na volteji ya waya mrefu inashuka tena, hiyo ni gavana inayoyumba kwa mara nyingine, na kosa haliko ndani ya sanduku peke yake. Fundi lazima ajue waya wa mtaa ni sehemu ya mzunguko. Ujuzi huo haupatikani kwenye kijitabu cha Osaka wala Shenzhen.

Kuna pia lawama ya kubahatisha: kwamba wengi wa mafundi hawa hubadilisha kapasita zote, kisha kipande cheusi, kisha saketi kuu, mpaka kifaa kiwake. Wapo, na si wachache. Lakini kubadilisha kapasita kwanza ni busara pale ambapo kapasita ndizo zinazokufa zaidi, nako kubahatisha bila kipimo hujiadhibu haraka kwenye mzunguko kuliko kwenye mstari, maana kipuri kipya kikiwekwa wakati mrejesho umekatika huungua siku hiyohiyo, na gharama humwangukia fundi. Nadhani hasara hizo zimefundisha zaidi ya semina nyingi.

Mwelekeo wa miaka ya karibuni unaivuta kazi hii kutoka mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Off Grid Electric, ambayo sasa ni ZOLA, ilianzia Arusha kuuza umeme wa jua kwa malipo ya simu. Kidhibiti cha chaji cha sola ni mzunguko wa mrejesho kama mingine: hupima betri, hupunguza mkondo wa paneli. Tofauti ni kwamba mzunguko mwingine umeongezwa juu yake, unaopima malipo, na kifaa hujifunga mteja akichelewa kulipa. Kisanduku hakikukusudiwa kufunguliwa, na sehemu ya maamuzi imo kwenye programu. Fundi mwenye mita anaweza kupima betri na paneli. Hawezi kuukata mzunguko ulioandikwa kwa tarakimu ili ajue nusu ipi ni nzima. Hata chaja mpya za simu hupatana na simu juu ya volteji gani itolewe, kwa mazungumzo ambayo mita ya kawaida haiyasikii.

Upande wa gridi, umbali wenyewe sasa unashughulikiwa. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya nchini Kenya na Singida inapita Namanga na Arusha, ikiwa na kituo kipya cha Lemugur, na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kanda ya kaskazini kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, akitaja umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka mitambo ya kusini. Wengi walishangaa, Bwawa la Nyerere likiwa ndiyo kwanza linakamilika. Kwa hesabu ya waya mshangao huo hauna msingi mkubwa, maana megawati za Rufiji hazifupishi umbali wa Rufiji. Lemugur na Njiro vitashika volteji hadi kwenye nguzo zao. Kutoka hapo kwenda Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki laini ni za kilovolti 33, zikifuatiwa na transfoma za nguzoni zenye swichi isiyoguswa umeme ukiwapo, na nyaya za mtaa zinazoongezewa wateja kila mwaka, na hakuna kifaa kinachopimia kwenye ncha zake isipokuwa kile kilicho ndani ya nyumba.